Saa Mbili za Kikokotoo kwenye Simu ya Mama

Saa mbili na nusu asubuhi, mshonaji mwenye tepu ya kupimia shingoni amesimama mbele ya meza ya fundi simu, macho ameyafumba kama mtu anayesubiri kutiwa dawa. Mkononi ameshika simu yake.

"Usichungulie," fundi anamwambia. "Nionyeshe unavyompigia mumeo."

"Huyo nimpigie ya nini asubuhi yote hii? Nimemwacha anamalizia chai yangu."

"Jifanye tu. Kiache kidole kiende chenyewe."

Dole gumba la mshonaji linashuka hadi pembe ya chini, upande wa kulia, linabonyeza, kisha linapanda juu na kubonyeza tena. Fundi anainama kutazama, halafu anaandika kwenye kipande cha karatasi: chini kulia, juu katikati. Ndipo anapomruhusu kufumbua macho.

"Dada, mimi nimekuja kwa sababu simu inamaliza chaji kabla ya adhuhuri," mshonaji analalamika. "Sikuja kupimwa macho."

Kinyozi wa chumba cha jirani anachungulia dirishani, mashine ikimlia mkononi. "Utazoea, shemeji. Mimi alinifunga kitambaa."

Fundi hacheki. Anaibandika ile karatasi nyuma ya simu kwa utepe wa gundi, kisha anaanza kazi.

Mtaani wanamwita Dada Ufagio. Ana miaka thelathini na minne, ni mama wa watoto wawili, na chumba chake cha kazi hakizidi hatua nne kwa tatu. Kuna meza yenye kioo juu, taa ya shingo ndefu, bisibisi zimepangwa kwa urefu, na mswaki wa meno uliozeeka anaousafishia matundu ya chaji. Kwa siku hupokea simu kumi hadi kumi na tano. Saba au nane kati ya hizo hazijavunjika popote.

"Zimechoka tu," anasema. "Zimebebeshwa."

Hizo ndizo zilizompa jina. Ndani ya mipangilio ya simu za kisasa kuna ukurasa ambao wenye simu wengi hawajawahi kuufungua. Unaeleza programu ipi imekula chaji, ipi imemaliza data, na ipi imekaa kwenye kioo kwa saa ngapi. Dada Ufagio huusoma mbele ya mteja kwa sauti, kisha hufuta zisizo na kazi, huzizima zinazojiendesha kichinichini, na hizo zinazobaki huzipanga upya vizuri, kila moja mahali pake. Kazi hiyo anaiita kupiga ufagio.

Kwa miaka sita orodha hiyo imemwonyesha mambo ya watu ambayo hata majirani zao hawayajui.

"Mtu ananiapia kwamba video yeye haangalii, tena mkono kifuani. Nafungua, nakuta saa tano na dakika ishirini kwa siku. Mwingine alikuja amekasirika, anasema programu ya hali ya hewa inamwibia chaji. Kumbe ni dobi. Anatazama kama mvua inakuja mara arobaini kwa siku, ana nguo za watu kwenye kamba." Anatabasamu kidogo, halafu tabasamu linapotea. "Nilizoea kuiamini orodha kuliko mdomo wa mtu. Sasa hivi ukiniuliza naamini nini, sijui nikujibu nini."

Kilichomvuruga ni simu moja, na haikuletwa na mteja. Ni ya mama yake mzazi.

Mama huyo ana miaka sabini na mmoja. Anaishi peke yake katika vyumba viwili upande wa pili wa mji, safari ya saa nzima kutoka kwa binti yake. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya, kisikilizi sikioni, akiunganisha watu wasiomjua na watu wasiomjua. Majirani bado wanamwita Opereta.

"Mama yangu haandiki namba ya mtu popote," anasema Dada Ufagio. "Zote ziko kichwani. Na akibonyeza hatazami vidole, anatazama ukutani. Ndivyo walivyofundishwa."

Mwaka huu, mara tu mtoto wa jicho alipoanza kumfunika jicho la kushoto, binti alimnunulia simu ya kioo kipana. Alimfundisha jambo moja tu: pa kupigia ni kona ya chini kushoto. Akamwambia pia, "Nipigie saa nane mchana, Mama. Saa hiyo wateja wananipungukia, tutaongea vizuri."

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda sawa. Ikifika saa nane, simu inalia. Wanaongea juu ya wajukuu, juu ya bei ya sabuni, juu ya jirani mwenye redio.

Kisha simu zikakatika.

Siku ya kwanza binti hakujali. Siku ya nne alihisi kitu. Jumapili alipiga mwenyewe, akapokewa kwa sauti kavu: "Enhe. Leo umeamua kuchomeka?"

"Kuchomeka nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Watoto hawajambo?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tisa. Kila alipompigia alikuta neno hilo la kuchomeka, na kila alipouliza maana yake alijibiwa kwamba hakuna kitu. Alipokwenda kumtembelea, mama alimtengea chakula kama mgeni, akakaa upande wa pili wa meza.

"Nikamuuliza, Mama, nimekukosea nini? Akaniambia, 'Nakupigia kila siku ya Mungu, hupokei. Mimi nimeshaelewa.' Nikamwambia hujanipigia hata mara moja! Nikamwonyesha simu yangu, orodha ya waliopiga karibuni, jina lake halipo. Nikachukua na yake, nikafungua simu zilizopigwa. Tangu mwisho wa ile wiki ya tatu, tupu. Nikamwambia, tazama mwenyewe, Mama."

"Nilimwambia atazame," anarudia. " Na jicho lile."

Kaka yake, mtoto wa kwanza, anayeishi mji mwingine na mkewe, alifika wiki ya saba. Naye akaitazama orodha. Naye akamsikia mama akisisitiza kwamba anapiga kila siku, saa nane kamili. Tayari kulikuwa na habari ya sufuria ya maji iliyokauka jikoni mara mbili hadi ikawa nyeusi. Kaka alimvuta dada yake nje, wakasimama kando ya ngazi.

"Orodha haina sababu ya kutudanganya," alimwambia. "Mama anasahau, dada. Tena hajui kwamba anasahau. Siwezi kumwacha hapa na jiko."

Wakakubaliana. Vyumba virudishwe kwa mwenye nyumba, vitu vigawanywe, na Jumamosi ya wiki ya tisa mama ahamie kwa mwanawe. Alipoelezwa hakubisha. Alisema tu, "Nyie ndio wakubwa sasa," akaendelea kukunja khanga.

Dada Ufagio anasema kutobisha huko kulimwogopesha kuliko ugomvi wowote. "Mama yangu anabisha na redio! Anabisha na mtu anayesoma habari! Halafu anahamishwa nyumbani kwake, anakunja nguo."

Alhamisi ya wiki hiyo alifunga duka, akaenda kumsaidia kufunga mizigo. Katika mazungumzo ya hapa na pale mama akalalamika kwamba simu haifiki jioni, chaji inaisha mapema.

Fundi akasimama na sahani mkononi. Simu isiyopiga, yenye mwenyewe asiyeangalia chochote, inamalizaje chaji? Akaichukua, akafungua ule ukurasa wake.

Juu kabisa kulikuwa na kikokotoo, hicho cha kujumlisha na kutoa. Saa mbili na dakika nane kwa siku. Jana yake saa moja na dakika hamsini. Juzi yake saa mbili na robo.

"Nimeshika simu za watu wote, hata wahasibu," anasema. "Sijawahi kuona mtu amekaa na kikokotoo saa mbili. Nikadhani simu imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Saa ziko palepale."

Akamuuliza mama yake anapiga hesabu gani.

"Hesabu?" Mama alishangaa. "Mimi na hesabu wapi na wapi?"

"Imeandikwa hapa, Mama. Saa mbili kila siku."

"Basi itakuwa inapiga yenyewe. Mbona kila kitu kimeandikwa ila ninachofanya mimi?"

Jibu hilo nusura limalize shauri. Binti alijifungia bafuni, akampigia kaka yake, akamwambia kwa kunong'ona kwamba ni kweli, mama amechanganyikiwa, anakaa na kikokotoo saa mbili halafu hana habari nacho. Kaka akasema atatangulia kuja Ijumaa jioni na gari la mizigo.

Ijumaa mchana wakaendelea kufunga vyombo. Saa nane kasoro dakika mbili, mama akanawa mikono, akaifuta kwa khanga, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani. Binti alikuwa sakafuni, anazungushia glasi magazeti. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, kioo juu.

Mama akaishika simu. Akatazama ukutani. Dole gumba likashuka kwenye kona ya chini kushoto, likabonyeza. Kisha vidole vikaenda haraka, bila kusita, namba kumi, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara elfu nyingi. Akabonyeza kitufe cha chini, akaiweka simu kwenye sikio la kulia.

Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Simu ya binti, mezani, ilikuwa kimya.

"Unaona?" mama akasema, bila kugeuka. "Hupokei. Na umekaa mbele yangu."

Dada Ufagio anapofika hapo kwenye simulizi lake, bisibisi inabaki hewani. Kinyozi wa jirani, ambaye bila shaka amesikia kisa hiki zaidi ya mara moja, anazima mashine yake hata hivyo.

"Niliinuka, glasi ikanidondoka. Nikaenda nyuma ya kiti chake, nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na namba yangu. Namba yangu yote, sahihi, kubwa hivi. Na chini yake alama ya kujumlisha, na ya kuzidisha, na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Shavu lake ndilo lilikuwa linabonyeza."

Alikuwa kwenye kikokotoo.

Akafungua kumbukumbu ya hesabu zilizopita. Alishuka, akashuka, akashuka. Kila mstari ulianza na namba yake ya simu. Baada yake, shavu.

Ndipo alipokumbuka. Mwishoni mwa ile wiki ya tatu alikuwa ameichukua simu ya mama, akaipiga ufagio. Kwa mapenzi kabisa. Alifuta michezo iliyokuja na simu, akazima zinazojiendesha, na zilizobaki akazipanga vizuri kama anavyowapangia wateja. Alama ya kupigia akaipandisha juu katikati, ionekane kirahisi zaidi. Kikokotoo kikateremka kwenye kona ya chini kushoto.

"Nikamwambia, Mama, nimekusafishia. Akaniambia ahsante, mwanangu."

Vyote viwili vina vitufe vya tarakimu. Kwa jicho lenye ukungu, la mtu ambaye isitoshe anatazama ukutani, tofauti yake ni ndogo. Lakini opereta mzima anakosaje kushtuka kwamba simu hailii upande wa pili?

Swali hilo sisi waandishi tulimpelekea Opereta mwenyewe. Anatupokea akiwa kwenye kiti chake cha dirishani, vyombo vikiwa vimerudi kabatini, isipokuwa sanduku moja ambalo bado limefungwa kamba mlangoni.

"Hilo liache hapohapo," anasema. "Wanangu hawatabiriki."

Kuhusu ukimya anaeleza bila haraka, kama anayemfundisha mwanafunzi. Kazini, laini ikilia bila kupokelewa, maana yake mtu hayupo, unahesabu hadi sitini ndipo unamwambia mpigaji ajaribu baadaye. Laini ikiwa kimya kabisa, maana yake ni nyingine.

"Maana yake upande wa pili wamechomoa waya," anasema. "Nikajua mwanangu amenichomoa."

"Na bado ukaendelea kupiga?"

"Sasa nitajuaje amechomeka tena, nisipopiga?" Anatutazama kwa jicho lake zima kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nahesabu sitini. Naanza tena. Saa nyingine usingizi unanipitia simu ikiwa hapa sikioni. Nikiamka, naangalia saa, nimeshapitiliza hata chai."

Ijumaa ile kaka alifika jioni na gari la mizigo, akamkuta mama na dada yake wamekaa sakafuni katikati ya magazeti, wanapigiana simu. Mmoja anapiga, mwingine anapokea, wanakata, wanaanza upya.

"Nikadhani wamechanganyikiwa wote wawili," anasema kaka huyo kwa simu. Aliposhika simu ya mama na kuiona kumbukumbu ya kikokotoo, aliketi juu ya sanduku. Baada ya muda akatoka nje, akamwambia dereva arudi zake.

Hata hivyo, si kila kitu kimenyooka. Sufuria ile iliungua kweli, mara zote mbili. Wiki iliyopita mama aliweka miwani kwenye kopo la chumvi na kuitafuta siku nzima. Familia imekubaliana abaki kwake kwa miezi mitatu kwanza, daktari amtazame jicho na pia amsikilize, kisha waketi tena. Kaka angali anasema angelala vizuri zaidi kama mama angekuwa chumba cha pili. Dada yake hamlaumu.

"Ndicho kinachonichanganya," anasema Dada Ufagio. "Huenda anasahau. Huenda hasahau. Sufuria hata mimi naunguza. Lakini tulikuwa tunamhamisha kwa kosa langu mimi. Saa mbili kila siku ilikuwa imeandikwa pale, naisoma kwa macho yangu, na ilikuwa inaniambia 'anakuita'. Mimi nikasoma 'amechanganyikiwa'."

Alama ya kupigia imerudi kona ya chini kushoto. Kikokotoo amekifuta kabisa kwenye simu hiyo, ingawa mama amelalamika.

"Eti sasa akitaka kupiga hesabu atafanyaje?" fundi anasema, anatikisa kichwa.

Tangu siku hiyo hapigi ufagio simu ya mtu yeyote kabla hajamfumba macho na kuona kidole kinakwenda wapi. Wateja wengine wanamwona kituko. Mmoja aliondoka na simu yake, akasema hakuja kwa mganga. Lakini waliobaki wanaanza kuleta wazazi wao, na hilo limempa wazo.

Anataka Jumatano iwe siku ya wazee. Ameshaagiza benchi lenye egemeo kwa seremala wa mtaa wa nyuma, na ameomba kwa kinyozi nusu ya kivuli cha mbele ya duka lake. Mzee atakuja na simu yake, ataketi, na atakuwa wa kwanza kusema: anampigia nani, saa ngapi, kwa kidole gani, na huwa inakuwaje. Orodha itafunguliwa baadaye.

"Na aliyekuja naye, mtoto wake, atakaa kimya," anasema. "Hilo nitaliandika ukutani kwa herufi kubwa."

"Watakaa kimya wapi!" kinyozi anadakia. "Wewe mwenyewe ungekaa?"

Fundi ametupa jicho kwenye saa ya ukutani. Ni saa nane kasoro dakika moja. Simu ya mshonaji, ya tangu asubuhi, imekwisha kufagiliwa na iko tayari mezani, karatasi yake bado imebandikwa mgongoni. Dada Ufagio anaweka bisibisi chini, anafuta mikono kwenye suruali, anaisogeza simu yake karibu.

Inalia. Inalia tena. Anaruka kuichukua, anabonyeza kipaza sauti hadi chumba kizima kinasikia.

"Naam, Mama."

"Uko kazini?"

"Niko kazini."

"Sina neno. Nilitaka kujua kama umechomeka." Redio ya jirani inasikika kwa mbali. "Leo nimehesabu nne tu."

"Kesho tatu, Mama," anasema binti, na anavuta kiti.